Mwaka wa Mzabibu Mmoja

Watu wa mabondeni wakipanda huku juu huuliza swali moja, nao huliuliza wakiwa bado wanahema: kwenu sasa ni lini? Hawaulizi saa. Saa wanazo mikononi. Wanauliza mwaka, maana wamesikia kwamba mlimani kwetu mwaka hauji wenyewe, unakatwa. Wengi hucheka wakidhani ni maneno ya walevi. Mimi sicheki, kwa sababu mkasi unaokata mwaka niliushika mimi, na siku nilipoutundika msumarini mke wangu alikuwa kifungoni akiusubiri.

Nieleze kwanza, maana asiyeujua mzabibu ataniona mwongo. Huku juu hatuna masika wala kipupwe. Kila siku ina majira yote ndani yake: asubuhi baridi ya kukata masikio, mchana jua la kubabua, alasiri ukungu, kisha baridi tena, na kesho hivyo hivyo. Mizabibu ya nchi nyingine husinzia baridi ikiingia, ikaamka joto likirudi, ikajua umri wake. Ya kwetu hailali. Ukiuacha mti utachipua upande huu, utatoa maua upande ule, na katikati vishada vibichi vitagombania jua na vilivyokwisha kuoza, vyote kwa siku moja, na hakuna hata kimoja kitakachofaa kukamuliwa. Ni mti usio na jana. Ni mpaka mtu aje na mkasi, akate matawi yote abakishe vijiti viwili vyenye macho mawili mawili ya kuchipulia, akwanyue kila jani, ndipo mti ushtuke na kuanza upya. Hapo ndipo mwaka wetu huanzia. Huishia pale divai nyekundu ya mavuno hayo inapoonjwa uwanjani. Kati ya mkasi na kikombe, huo ndio mwaka, na hatuna mwingine. Mtoto huhesabiwa umri kwa vikombe, mfungwa huhesabiwa kifungo kwa vikombe, na Msimamizi wa mlima huhesabiwa zamu yake kwa vikombe. Vikitimia kumi, anashuka.

Sasa nani mwenye mwaka? Ni mzabibu unaouzaa, au mkasi unaouanzisha, au kinywa kinachoumaliza? Swali hili limenikosesha raha kuliko njaa. Nimelitafuna nikipanda matuta, nimelitafuna nikishuka, na kila nilipodhani nimelimeza limenirudi.

Jina langu halina maana hapa. Mwenye mkasi huitwa Mshika Mkasi, kama alivyoitwa aliyenitangulia, na aliyemtangulia yeye. Watu wakisimulia ya zamani hunionyesha kidole mimi: "Wewe ndiye uliyekata mwaka wa nzige." Mwaka wa nzige sikuwa nimezaliwa. Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi nawakumbuka nzige, nakumbuka hata mlio wao juu ya majani, na sijui kumbukumbu hiyo niliipata wapi. Pengine kuna Mshika Mkasi mmoja tu anayebadilisha mikono. Au pengine nimezeeka.

Mke wangu yeye jina analo. Anaitwa Sikudhani, na kosa lake ni ulimi. Kikombe cha kwanza cha kila mavuno hunywewa na vinywa vitatu mbele ya watu wote: cha Msimamizi, cha Mshika Mkasi, na cha mtu wa chini kabisa aliyechaguliwa siku hiyo. Siku moja akachaguliwa yeye. Msimamizi Kondo alikunywa akasifu. Mimi nikanywa, nikagundua, nikanyamaza. Sikudhani akanywa, akapangusa midomo, akasema kwa sauti ya kuitia kuku: "Hii ni ya zamani. Wamechanganya na ya mwaka juzi." Ilikuwa kweli. Mavuno yalikuwa machache na Kondo hakutaka ijulikane kwamba mlima umepungukiwa mikononi mwake. Wakampa vikombe vitatu katika nyumba ya mawe iliyo chini ya mapipa. Mimi niliyejua na kunyamaza wakaniacha na mkasi wangu.

Vikombe viwili vikapita. Kikabaki kimoja. Lakini kikombe cha tatu cha Sikudhani ndicho kilikuwa cha kumi cha Kondo.

Kondo hakuja na askari wala amri. Alikuja nyumbani kwangu mchana, akaketi jikoni, akala viazi vyangu kwa mkono, akasifu chumvi.

"Fundi," akaniambia, "mkono wako hauchoki?"

"Huchoka, Bwana Mkubwa. Lakini ndiyo kazi."

"Basi upumzishe. Mizabibu nayo ni viumbe. Kila siku kukatwakatwa, nani angependa? Tuiache ipumue kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

Akacheka, akanipiga begani. "Lini! Unaniuliza mimi lini? Lini si iko mikononi mwako?"

"Na mke wangu?"

"Mkeo anakula? Anakula. Analala? Analala. Ndugu yangu, nani amewahi kufa kwa kusubiri?"

Nilitaka kumwambia kwamba wote ninaowajua waliokufa walikufa wakisubiri kitu. Akaondoka, nikautundika mkasi. Na sasa niseme jambo ambalo ningependa kulificha: niliona raha. Magoti yangu yalikuwa yameanza kulia kwenye ngazi. Nilikuwa nimeona mvi ya kwanza kifuani, mahali ambapo sikuitarajia. Nilipoambiwa mwaka hautaanza, kitu ndani yangu kikajinyoosha kikasema, basi, umri wako ni huu huu. Nilimpenda Sikudhani, nampenda, lakini kwa siku nyingi niliamka asubuhi nikiwa na furaha ya mtu aliyefichwa asionekane na kifo. Mlima mzima ulikuwa hivyo. Wanawake waliacha kuhesabu. Wanaume waliahirisha ndoa. Majani yakafunika matuta, mazito, ya kupendeza, na mgeni angedhani tumestawi.

Je, dhalimu huanza kwa kutunyima kitu, au kwa kutupa tulichokuwa tunakitaka kimyakimya? Kondo hakuniibia mwaka. Aliuomba, nami nikampa kwa sababu nami sikuutaka.

Kisha siku moja nikaenda kumwona Sikudhani. Nyumba ya mawe ina tundu lenye ukubwa wa sahani, na kwa tundu hilo nilikuwa nikimpitishia chakula. Siku hiyo hakupokea bakuli. Alitoa mkono mtupu, akautandaza mbele ya uso wangu.

"Hesabu," akasema.

"Nihesabu nini?"

"Kucha. Tangu utundike mkasi wako nimezikata mara ishirini. Nasugua kwenye jiwe. Nani kaziambia zikue?"

"Sikudhani, mwaka haujaanza. Bwana Mkubwa anasema..."

"Usiniletee sauti ya Kondo kinywani mwako, wewe bwana. Nimekuuliza kucha."

Nikainama. Ndani ya tundu niliuona uso wake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, maana sikuwa nimeinama kuangalia. Nywele zilikuwa zimeingia kijivu pande zote mbili. Meno mawili hayakuwapo.

"Mwili wangu unazeeka bila kumwomba mtu ruhusa," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Nazeeka, na kifungo hakisogei. Nitafia humu nikiwa na kikombe kimoja kilichobaki. Na wewe huko nje umependeza. Umenenepa. Unajua hilo?"

Nilijua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaliacha bakuli pale tunduni nikapanda mlima, na sikusimama mpaka tuta la mwisho, pale ambapo hewa ni nyembamba na mtu akisema sentensi ndefu huishia njiani. Kondo hapandi huko, kifua chake hakimruhusu. Kuna mzabibu mmoja peke yake umejishikiza kwenye mwamba, mti wenye shina nene kama paja la mtu mzima. Hakuna anayejua nani aliupanda. Watu husema ni mimi.

Nilikuwa nimeuchukua mkasi msumarini nikipita nyumbani. Nikakata. Nilikata kila tawi, nikakwanyua kila jani mpaka mti ukabaki uchi juani, vijiti viwili na macho manne. Mzabibu ukikatwa hulia. Si maneno ya washairi, ni maji meupe yanayochuruzika kutoka kwenye kidonda siku mbili tatu mfululizo. Niliketi chini yake yakanidondokea shingoni. Nikalia nami, kwa sababu nilikuwa nimeanzisha mwaka na sikujua kama ni halali. Mwaka wa mti mmoja ni mwaka? Ukweli wa mtu mmoja ni ukweli?

*

Chipukizi. Lilitoka siku ya kumi na tatu, jekundu, na manyoya. Nililifunika kwa kofia yangu baridi ilipozidi.

Maua. Hayana sura. Ukipita haraka utasema ni vumbi. Harufu yake nilikuwa nimeisahau.

Punje. Ngumu, kijani, chungu. Zilikaa hivyo muda mrefu mpaka nikakata tamaa. Kule juu mti hauna haraka, kwa kuwa jua lake ni kali lakini ni la saa chache. Nilimwambia Sikudhani kupitia tunduni: "Punje zimeshika." Hakuuliza za wapi. Tangu siku hiyo akaanza kupokea bakuli.

Kisha asubuhi moja nikakuta punje moja, moja tu katika kishada kizima, imegeuka rangi ya damu ya kale. Kesho yake zikawa nne. Nani aliiambia ile ya kwanza? Zilizobaki zilimwona mwenzao akigeuka peke yake katikati ya kijani chote, zikamcheka, au zikaogopa? Nilisimama pale asubuhi nzima nikimfikiria mwanamke aliyepangusa midomo akasema hii ni ya zamani.

*

Nilivuna vishada kumi na kimoja. Nikavipondea ndani ya mtungi kwa mikono kwenye kibanda cha tuta la mwisho, na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtu wa mlimani hulijua lakini halifikirii: maji ya zabibu nyekundu si mekundu. Ukiminya punje utapata maji meupe, kama ya zabibu nyingine yoyote. Wekundu uko kwenye ganda. Ukiyatoa maganda mapema utapata divai nyeupe isiyo na kosa na isiyo na kumbukumbu. Ni lazima uyaache maganda yakae ndani ya maji, yachachuke pamoja, yapande juu na kutengeneza kofia ngumu, nawe uizamishe kila asubuhi na kila alasiri, uizamishe, ipande, uizamishe tena, mpaka maji yakubali rangi. Nimefikiri sana juu ya hili. Tulizoea kusema tabia ya mtu iko moyoni. Mimi naona mioyo yetu yote ni myeupe, na kinachotupa rangi ni lile tabaka jembamba la nje lililopigwa na jua, iwapo tutakubali kukaa nalo bila kulitupa.

Sikufikiria mikono. Nikashuka kuchukua chumvi, nikakutana na Mashavu mlangoni pa nyumba ya mapipa. Mashavu ni mtunza mapipa, na ni dada mkubwa wa Sikudhani, kwa hiyo ni shemeji yangu na ana ruhusa ya kuniambia lolote. Mapipa yake yalikuwa matupu tangu Kondo aulalie mwaka wetu. Alikuwa akiyasugua tu, siku nzima, asipate wazimu. Akaniangalia vidole, vyeusi kwa zambarau hadi kwenye viganja.

"Shemeji," akasema, "umemuua nani?"

Nikaficha mikono kwapani. "Ni rangi ya... nilikuwa napaka mlango."

"Mlango! Nyumba yako ina mlango wa zabibu?" Akanishika kifundo cha mkono, akanusa vidole vyangu, akafumba macho. Alipofumbua, utani ulikuwa umekwisha. "Siku ya ngapi?"

"Ya tano."

"Inachemka?"

"Imeanza kunyamaza."

"Nipeleke kabla hujaiua. Wanaume mnajua kukata. Kusikiliza hamjui."

Alipanda pamoja nami akikohoa na kunitukana njia nzima. Alipofika akafungua mlango wa kibanda, akanizuia nisiingie mpaka hewa mbaya inayotoka mtungini ipungue. Kisha akapiga magoti, akalaza sikio kwenye ubavu wa mtungi. Tulikaa hivyo, yeye akisikiliza, mimi nikimwangalia. "Bado inasema," akasema. "Kesho itanyamaza. Keshokutwa uikamue. Na ukimwonjesha mtu kabla ya uwanja, nitakuvunja miguu." Ilipotulia vya kutosha tukapata kibuyu kimoja. Kikombe kikubwa kimoja cha uwanjani, si zaidi.

Desturi yetu ni hii: atakayesimama uwanjani mchana akaita mara tatu "Mpya imekuja!", kikombe chake hakikataliwi, awe nani na awe na nini. Hakuna aliyewahi kuita isipokuwa Mshika Mkasi, na hakuna aliyewahi kuita bila mlima mzima kujua zamani kwamba divai ipo. Nilisimama uwanjani jua likiwa utosini. Sauti haikutoka mara ya kwanza. Ikabidi nirudie, kwa hiyo niliita mara nne.

Watu wakaja polepole, wengine na majembe, wengine na unga mikononi. Kondo akaja mwisho, joho lake begani. Aliniona, akakiona kikombe, na nilitegemea atageuka. Lakini Kondo, pamoja na yote, ni mpenzi wa divai. Alikuwa hajaonja mpya muda mrefu kama sisi sote. Mashavu alimnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kama desturi, na mkono wa Kondo ukakipokea kabla kichwa chake hakijafika. Akanywa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

"Ah," akasema. Macho yake yalilowa. "Hii ya wapi?"

"Ya tuta la mwisho, Bwana Mkubwa. Mzabibu mmoja."

Hapo ndipo akaelewa. Alisimama na kikombe mkononi, na watu wakaanza kunong'ona wakihesabu kwa vidole: kumi. Lakini hakuwa mjinga, na ndiyo maana alitutawala.

"Mzabibu mmoja," akarudia kwa sauti ya upole. "Basi ni mwaka wa mtu mmoja. Haki ni haki. Mimi nimeonja tu kupima. Huu ni mwaka wa mkeo, Fundi. Nampa wote. Atoke leo hii. Wewe usinywe, asinywe mtu mwingine, tusiuchanganye. Umekubali?"

Kwa nini nilikubali? Nimejieleza mara nyingi, na kila mara maelezo yangu ni mazuri zaidi. Ukweli ni kwamba nilisikia neno atoke na sikusikia kitu kingine. Nikasema, "Nimekubali." Nilisema kabla hajamaliza.

Wakamleta. Sikudhani alitembea akiwa ameinama kidogo, macho yake yakikataa jua. Walimtoa pamoja na wenzake wanne wa nyumba ya mawe wasaidie kumshika, nao wakabaki wamesimama nyuma yake. Kondo akampa kikombe, akamweleza kwa ukarimu kwamba mwaka ni wake peke yake. Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Akaniangalia.

"Na huyu amekubali?"

"Amekubali," Kondo akasema.

Akanywa funda moja dogo, akalishika kinywani, akameza. "Hii ni mpya," akatangaza. Kisha akageuka, akampa kikombe mfungwa aliyekuwa nyuma yake.

"Nimesema ni wa mtu mmoja!" Kondo akapaza sauti.

"Umesema, Bwana Mkubwa. Lakini wewe ulikunywa kabla yangu. Kwa hiyo tulikwisha kuwa wawili. Mwenye hesabu ya mmoja ni nani hapa?"

Mfungwa akalowesha midomo, akampa wa pili. Kikatoka kwa wafungwa kikaenda kwa Mashavu, kutoka kwa Mashavu kikaenda kwa watu wa majembe. Hakuna aliyemeza funda zima. Waligusa tu, ulimi na midomo, wakapitisha. Wengine waliogopa. Mwanamke mmoja alikishika muda mrefu, akatazama ngozi ya mikono yake, akakipitisha bila kunywa, na hakuna aliyemlaumu. Niliona watu wakizeeka mbele yangu, si kwa mvi, kwa namna ya kusimama. Kondo hakumzuia mtu. Alivua joho, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya jiwe, akaanza kushuka njia ya mabondeni akishikilia kifua. Alionekana amechoka tangu zamani.

Kikombe kilipomaliza uwanja wote kikafika kwangu. Nilikiinua. Nilikiinua zaidi, nikakigonga chini kwa kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Hakuna kitu," nikasema.

Sikudhani alikuja akachungulia ndani, akathibitisha. Nilitaka aseme haidhuru. Nilingoja aseme.

"Ulikubali uwe wangu peke yangu," akasema. "Ulikubali haraka sana."

"Nilitaka utoke."

"Najua. Nimetoka."

Mimi na Sikudhani tulizaliwa kikombe kimoja. Katika maisha yetu yote hakuna aliyemtangulia mwenzake, na salamu yetu ilikuwa ya watu sawa, mara nyingine matusi ya mapenzi. Sasa uwanja mzima ulikuwa umehamia mwaka mwingine, na mimi niliyeuanzisha bila kuuonja nimebaki katika ule wa zamani, peke yangu, nimenenepa, na mkasi kiunoni. Watu waliokuwa wadogo zangu walinipita wakirudi makwao, wakanitazama kwa heshima ya kusubiri salamu yangu. Wazee wetu hawakuacha shaka juu ya hili: aliyetangulia kikombe huamkiwa.

Nikainamisha kichwa mbele ya mke wangu.

"Shikamoo," nikasema.

Hakucheka. Aliniwekea mkono kichwani, na kucha zake zilikuwa fupi.

"Marahaba," akaitikia. "Sasa nenda ukakate matuta yote."